Sijui Si Kura

Shemeji yangu ni fundi wa lifti, na kwa miaka kumi na minne niliyomjua sikuwahi kuangalia filamu naye akanyamaza. Mwaka huu amenyamaza. Hiyo ndiyo habari yangu, na naisimulia mimi kwa sababu yeye ukimwuliza atakwambia hakuna habari.

Tunamwita Fundi. Hata mkewe, dada yangu wa tumbo moja, alimwita Fundi. Ni mrefu, mwembamba, anatembea ameinama kidogo kwa sababu ya kuingia kwenye mashimo ya lifti kila siku, na grisi imeingia kwenye mistari ya viganja vyake ikajenga humo. Mimi ni dobi, najua doa linalotoka na lisilotoka. Siku dada aliyomleta nyumbani tumwone, alivaa shati jeupe, na soda haijaisha tayari ameshaacha alama ya dole gumba kwenye kola. Nikamwambia, "Shemeji, hilo shati Jumatatu uniletee." Akaleta kweli. Tangu hapo mashati yake ya kutokea nafua mimi, na tangu hapo ananiambia natia wanga mwingi mpaka shati linaweza kwenda kazini peke yake.

Yeye na dada walikutana kwenye jumba la sinema, tena kwa ugomvi. Ilikuwa filamu ya tatu ya Mpangaji, inaitwa *Ufunguo wa Pili*. Kama humjui Mpangaji, ni jasusi wa kwenye filamu, hana nyumba wala jina. Kila filamu anapanga chumba kipya katika mji mpya, anajifanya fundi saa au mwalimu wa piano, na kodi ya mwezi wa pili haijafika, nusu ya mji imeshaungua. Katika hiyo ya tatu adui anakata kamba za lifti, lifti inaporomoka ghorofa ishirini, na Mpangaji anaruka juu sekunde ya mwisho kabla haijagonga chini, halafu anatoka anajipangusa bega. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja safu ya mbele akasimama akapaza sauti, "Uongo! Lifti haianguki hivyo, ina breki!" Dada alikuwa amekaa nyuma yake. Akamgonga begani, akamwambia, "Kaka, hapa tumelipa kumwangalia yeye, si kukusikiliza wewe." Filamu ilipoisha akamngoja nje amweleze hizo breki. Akaelezwa mpaka akaolewa.

Hizo breki nami nimeelezwa mpaka nazijua kwa moyo. Chini ya chumba cha lifti kuna taya za chuma. Lifti ikizidi mwendo, zile taya zinauma reli za ukutani, chumba kinasimama papo hapo, hata kama kamba zote zimekatika. Na ikishasimama hivyo huwezi kuishusha. Ukilazimisha kwenda chini, taya zinazidi kuuma. Unaipandisha kwanza, kidogo tu, ndipo zinaachia, halafu unaishusha taratibu watu watoke. Fundi alikuwa anatueleza haya kila filamu yenye lifti, na Mpangaji hana filamu isiyo na lifti.

Wenzao wakioana hupanga vikombe kabatini. Hawa walipanga Mpangaji kwenye mlango wa friji. Dada alikuwa karani wa posta, na kwa vipande vya maboksi ya vifurushi alikata kadi, moja kila kitu kipya kilipotoka, mpaka zikafika kumi na mbili: filamu saba, vipindi maalumu viwili vya runinga, na gemu tatu. Kila kadi na sumaku yake, iliyo bora juu kabisa, mbovu chini karibu na sakafu. Kila Jumamosi mtu aliruhusiwa kudai kura, kadi ipande au ishuke. Mwanzoni walikuwa wawili, kwa hiyo kura zilifungana kila wiki, na mtu aliyekwenda kunywa maji jikoni alikuta wamenuniana kwa sababu ya mtu asiyekuwepo duniani. Binti yao alipofika miaka mitano akapewa kura ya tatu. Hapo ndipo alipopata jina lake. Tunamwita Mwenyekiti mpaka leo, na ana miaka kumi na mmoja.

Sheria dada aliziandika nyuma ya bahasha, nayo iko pale pale kwenye friji. Wapiga kura watatu, wasizidi wala wasipungue. Kila kura itolewe na sababu. "Sijui" si kura. "Sawa tu" si kura. Kura inaweza kubadilishwa mpaka sumaku ibandikwe; ikishabandikwa, basi.

Dada alikuwa anaweka *Ufunguo wa Pili* ya kwanza, kwa makusudi mazima, na Fundi anaiweka ya mwisho, na Mwenyekiti anampigia mama yake. Kwa hiyo kila asubuhi Fundi akifungua friji kutoa maziwa anakutana uso kwa uso na ile lifti ya uongo. Yeye chaguo lake lilikuwa *Siku ya Homa*. Hicho ni kipindi maalumu cha runinga, dakika hamsini, Mpangaji ana mafua, hatoki chumbani, hapigi risasi hata moja. Bomba la maji linavuja, analitengeneza. Mama mwenye nyumba anamletea supu. Mwisho. Dada alikuwa anasema, "Hiyo si filamu, hicho ni cheti cha daktari." Fundi anajibu, "Ndiyo pekee ambayo kila kitu kinafanya kazi kinavyotakiwa." Mwenyekiti naye alipenda gemu moja, *Ngazi Elfu*, unapanda ngazi huku unafukuzwa, na dada akiicheza dakika tano anashikwa na kichefuchefu, anakwenda kujilaza, sisi tunavunjika mbavu.

Mimi sikuwa na kura. Mimi nilikuwa naangalia suti. Yule bwana anaogelea, anapigwa, anatambaa kwenye bomba la moshi, na mkunjo wa suruali uko pale pale umenyooka. Nilikuwa nasema, huyo dobi wake nionyesheni nikambusu mkono.

Dada alifariki miezi minane iliyopita. Alitoka nyumbani mzima, akafungua dirisha lake la posta, saa nne akaanguka. Walisema damu iliganda ikaingia kwenye mapafu. Posta walinipigia mimi kwa sababu Fundi alikuwa hapatikani. Alikuwa ndani ya shimo la lifti katika jengo la ofisi, simu ameiacha juu na koti. Nilimpigia mara kumi na moja. Alipotoka akapiga, nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kuzungusha. Akasema, "Sawa."

Halafu unajua alifanya nini? Alirudi akafunga mlango wa shimo. Akaondoa kile kibao cha kuzuia watu. Akaipandisha lifti mpaka juu, akaishusha, akaipandisha tena. Akasaini daftari. Akafika hospitali baada ya saa moja na nusu, ananuka grisi, akasimama mlangoni na mkoba wake wa vifaa. Baadaye nilimsikia akimweleza mtu, "Ningeiacha wazi, mtu angetumbukia." Ni kweli, angetumbukia. Lakini mimi sikumsamehe, na sitaki kudanganya hapa kwamba nilimsamehe.

Na mimi je? Mimi sikulia. Siku ya nne nilirudi kazini nikapiga pasi mashati arobaini na mawili. Nilikuwa nangoja machozi kama unavyomngoja fundi bomba; ameahidi, anakuja, yuko njiani. Hakuja. Niliongea sana tu. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Fundi naye akawa ganzi mtu mzima. Ukimsalimia anaitikia. Ukimpa chakula anakula, usipompa hali. Ukimwambia mvua inanyesha anasema "Aha." Nyumba ilikuwa safi, wala usinielewe vibaya. Sare ya mtoto ilikuwa imepigwa pasi, ingawa kola ilikuwa aibu tupu. Vitabu vimefunikwa. Lakini hakuna aliyecheka mle ndani, na kadi za friji hazikusogea hata moja kwa miezi minane. Jumamosi moja Mwenyekiti alidai kura, alitaka *Ngazi Elfu* ipande. Akaniteua mimi kuwa mpiga kura wa tatu, sheria inataka watatu. Mimi nikampigia. Baba yake akasema, "Sawa tu." Mwenyekiti akamtazama, akamwambia, "Haihesabiki, baba." Akasema, "Basi sijui." Tukabaki wawili, na wawili sheria haiwatambui. Akairudisha kadi mahali pake.

Ndipo nilipoamua. Huyu mtoto atakaukia mle. Mimi naishi dakika kumi kutoka kwao, vyumba viwili, ndoa yangu ilishakufa kifo cha kawaida na sikujaliwa mtoto. Nilinunua kitanda. Mashuka nikayatia wanga kidogo tu, nikayapiga pasi pande zote mbili, nikakitandika. Nikamwambia Fundi kwenye simu, shemeji, mtoto aje kwangu, angalau mpaka utakapopata nafuu. Akasema, "Tutaona." Nikajua hataona kitu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao na sanduku tupu, nikaliweka nyuma ya mlango.

Siku hiyo tulikuwa na ahadi ya sinema. Filamu ya nane ya Mpangaji ilikuwa imetoka, *Mpangaji Anahama*, na mabango yalisema ndiyo ya mwisho kabisa. Maonyesho ya saa nane mchana. Fundi alikaa katikati, Mwenyekiti kulia kwake, mimi kushoto. Kushoto ndiko alikokuwa anakaa dada, lakini mtu lazima akae mahali.

Basi, katikati ya filamu, Mpangaji anaingia kwenye lifti pamoja na bibi mmoja mwenye kikapu cha pamba za kufumia. Kamba zinakatwa. Nikasema moyoni, haya, yale yale. Lifti ikaanza kuporomoka, na kabla haijamaliza ghorofa moja, paa! Ikasimama. Taya zimeuma reli. Hawakuruka, hawakufa. Wakakaa mle dakika kumi na mbili, wanazungumza, bibi anafuma. Halafu mafundi wakaja, na unajua walifanya nini? Waliipandisha kwanza. Kidogo tu. Kisha wakaishusha taratibu.

Miaka yote hiyo! Filamu nane, na hatimaye mtu mmoja huko wanakotengeneza filamu kamwuliza fundi! Mimi nilimgeukia Fundi, Mwenyekiti naye akamgeukia, tulikuwa tunangoja asimame, apige kelele, tufukuzwe wote watatu. Alikuwa anatazama mbele kama anayetazama ukuta. Mara moja tu aligeuka upande wangu, akanitazama usoni, akarudisha macho. Nikadhani anatafuta mlango wa kutokea. Mwenyekiti akashusha macho kwenye bisi zake, akazila moja moja mpaka mwisho.

Tukarudi nyumbani. Mwenyekiti alikuwa ameshaandaa kadi ya kumi na tatu, ameikata vizuri, ameiandika kwa kalamu nene. Akaketi kichwani mwa meza ya jikoni. Mimi nikasema filamu iwekwe ya tatu, na sababu ni kwamba kwa mara ya kwanza suti imekunjamana. Mtu akikaa chini dakika kumi na mbili suruali lazima ikunje magoti, na yake ilikunja. Mwenyekiti akaandika.

"Baba?"

"Ilikuwa nzuri."

"Nafasi ya ngapi?"

"Yoyote tu, mama."

Mwenyekiti akachora mstari mfupi mahali pa kura ya baba yake. Akaisukuma kadi pembeni ya meza, bila sumaku.

Nikaona hapa ndipo penyewe. Nikasema, "Mwenyekiti, kuna jambo. Baba yako na mimi tumezungumza."

"Tumezungumza?" akauliza Fundi.

"Kwenye simu, shemeji. Ulisema tutaona." Nikamgeukia mtoto. "Tumeona uje ukae kwangu. Kitanda kipo. Shule ni karibu zaidi. Baba utamwona Jumamosi."

Mtoto hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza. Alitazama kule nyuma ya mlango, nikajua sanduku alishaliona tangu asubuhi. Akavuta kipande cha boksi kilichobaki, akaandika juu yake kwa ile kalamu nene, *Mwenyekiti ahamie kwa mama mdogo*, akakiweka katikati ya meza.

"Lipigiwe kura," akasema. "Sheria ni zile zile."

"Hili si jambo la filamu, mwanangu," nikasema.

"Mama mdogo, wewe unaanza."

Ala! Haya. Nikaanza. Nikasema ahame. Sababu ninazo tele, sikukosa maneno. Nikasema nyumba hii imepoa. Nikasema mtoto anahitaji mtu wa kumwuliza siku yake imekwendaje na asubiri jibu. Nikasema, na nilikuwa namtazama Fundi nilipokuwa nasema, kwamba mtoto hawezi kuishi na mtu ambaye habari ya kifo cha mkewe aliijibu "sawa" akaenda kusaini daftari. Nilimpa vidonge vyake mbele ya mwanawe. Nilijua si haki, na nikaendelea mpaka nikamaliza.

Mwenyekiti akaandika jina langu, na pembeni yake: *ahame*.

"Baba."

Fundi alikuwa ameweka mikono yake mezani, ameifungua, anaitazama. Akasema, "Sijui."

"Haihesabiki, baba."

Alisema kwa upole, lakini kalamu yake ilikuwa tayari iko pale, inataka kuchora ule mstari mfupi. Mimi nilikuwa nimeshashinda. Akitoka yeye kwenye hesabu kura inavunjika, na nani mwingine atanizuia kumchukua mtoto? Nikawaza nguo zipi za mtoto zitangulie.

"Ile lifti," Fundi akasema.

Mwenyekiti akainua kalamu.

"Ile lifti ya leo. Niliiona. Waliipandisha kwanza." Alikuwa anaongea na mikono yake. "Nikageuka nimwambie mama yako. Nikamkuta shemeji."

Pale kushoto nilikuwa nimekaa mimi. Nikakumbuka ule uso alionigeuzia gizani.

"Hiyo ni ya filamu," Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hili ni lingine."

"Najua. Nafika." Akapumua. "Saa kumi na mbili asubuhi wewe unapiga mswaki. Unafungua bomba kwanza, unaliacha linatiririka, nimeshakukataza mara ngapi. Mimi niko kitandani. Sijalala, lakini sijui kama nimeamka. Nikisikia lile bomba najua kumekucha, nanyanyuka. Sina kingine. Kura yangu ubaki. Sababu ndiyo hiyo, bomba."

Katika miezi minane hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akiyasema. Mwenyekiti akaandika, *Baba: abaki*. Aliandika polepole sana, herufi moja moja.

Ikabaki kura yake yeye mwenyewe. Mwenyekiti hupiga mwisho.

"Mimi nasema nihame," akasema.

Fundi hakutikisika. Nilidhani nitafurahi.

"Sababu," akasema, amekaa wima kabisa kama yuko mbele ya darasa. "Baba anaamka kwa ajili ya bomba langu. Anakaa mezani mpaka nimalize kula, yeye hali. Anapiga pasi sare yangu na hawezi kupiga pasi, jana ameungua. Nikienda kwa mama mdogo, baba atalala. Hatalazimika kunyanyuka." Akatutazama, mmoja mmoja. "Si kwamba nataka. Ila hiyo ndiyo sababu."

Nikaitazama mikono ya Fundi, na kweli, pembeni ya kiganja palikuwa na alama ya pasi, nyekundu, ncha yake inaonekana vizuri. Mimi dobi, mwenye macho ya kuona doa kutoka upande wa pili wa barabara, nilikaa na mtu yule tangu asubuhi sikuiona.

Kura mbili kwa moja. Mwenyekiti akaandika matokeo, akainuka na kile kipande, akachukua sumaku kutoka pembeni ya friji. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajihamisha mwenyewe kwa utaratibu, na hapana machozi, si yake, si ya baba yake, si yangu. Tulikuwa watu watatu waliokufa ganzi tunafuata sheria za mtu wa nne. Sumaku ilikuwa imebakiza kama vidole viwili ishike friji.

"Nabadilisha," nikasema.

Akageuka. "Unabadilisha kura?"

"Haijabandikwa. Nabadilisha. Ubaki."

"Sababu?"

Na mimi, mdomo mtupu, mimi niliyemsimanga Fundi kwa neno lake moja, nikafungua kinywa hakikutoka kitu. Nikatafuta. Hakuna.

"Sijui," nikasema.

"Haihesabiki, mama mdogo."

Alikuwa amesimama pale kadi mkononi, amekunja pua. Dada alikuwa anakunja pua hivyo hivyo, tangu tukiwa wadogo, akikushika uongo. Tangu afariki nilikuwa naitafuta hiyo pua. Kila Jumamosi nilikuja mle ndani kuiangalia hiyo pua, nikajiambia nakuja kumwona mtoto.

"Sikukutaka wewe," nikasema. "Nilimtaka dada. Ukikunja pua unakuwa yeye, nikaona nikikuweka kwangu nitakuwa naye asubuhi na jioni. Kile kitanda sikukutandikia wewe. Baba yako anasikia bomba, anajua ni wewe. Mimi ningekutazama kutwa, nisikuone. Ndiyo sababu. Iandike au usiiandike."

Mwenyekiti akarudi mezani, akakaa. Akakata *ahame* yangu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *abaki*, akasahihisha na matokeo. Halafu akaweka kalamu chini, akalala juu ya meza, uso kwenye mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Fundi akanyanyuka. Alizunguka meza akaweka ule mkono wenye alama ya pasi juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha pale, wala hakusema kitu, na safari hii sikumdai aseme.

Baada ya muda mtoto alivuta sare iliyokuwa imetundikwa kwenye kiti, akajipangusa kwa kola yake, ile kola ya aibu, akabandika kile kipande kwenye friji. Sumaku ikashika. Fundi akaokota kadi ya kumi na tatu iliyokuwa pembeni ya meza.

"Hii je? Iende ya pili," akasema. "Sababu, waliipandisha kwanza."

"Kwa nini isiwe ya kwanza, baba? Si umeipenda?"

Akaitazama *Ufunguo wa Pili* kule juu kabisa, lifti yake ya uongo, adui wake wa miaka yote. "Ile iache," akasema. "Ile usiiguse."

Mimi nilibadilisha kura yangu, nafasi ya tatu ikawa ya pili, ili tuwe wawili dhidi ya mmoja.

Nilipokuwa natoka na sanduku langu tupu, Fundi alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikamwambia kesho aniletee sare zote za wiki, asiguse pasi tena. Nikamwambia pia, "Shemeji, yale ya daftari. Ungeiacha wazi, mtu angetumbukia." Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama Jumamosi ijayo nitakuja.

"Sijui," nikasema, maana nilikuwa na haya.

"Haihesabiki," akasema Fundi, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nilifika kwangu bado kuna jua. Niliingia kile chumba nikavuta shuka nilikunje, nikaona nilivyolipiga pasi, pande zote mbili, kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kuja. Nikakaa juu ya kitanda na nguo zangu za kutokea, nikajilaza, nikalia mpaka mto ukalowa wote, mpaka shuka likawa limekunjamana huku na huku. Sijalipiga pasi mpaka leo.